Mama Mkubwa Muthoki na Watu wa Mapangoni

Muthoki alikuwa dada mkubwa wa mama yangu. Alizaliwa Nuu, akaolewa Kathonzweni katika Makueni, na hata alipokuwa amezeekea huko majirani bado walimwita "yule wa Nuu". Mimi nilimwita Mama Mkubwa. Alikuwa mrefu, mwenye sauti nzito, na alikuwa na tabia moja iliyowachosha watu. Akiuliza swali asijibiwe, hakukasirika. Alikuja siku nyingine akaliuliza tena kwa upole uleule, kana kwamba ndiyo mara ya kwanza.

Mume wake, Jonah Mwangangi, alikuwa mwinjilisti. Walifunga ndoa mwaka mmoja kabla ya uhuru. Wakati huo Jonah alizunguka vijijini kwa baiskeli, Maandiko yakiwa kwenye mfuko wa turubai, na watu walipenda kumsikiliza kwa sababu alihubiri kama mtu anayeongea na wewe jikoni. Mtoto wao wa kwanza alikuwa Mbula. Kabla Mbula hajafikisha miaka mitatu alishikwa na homa, na homa ilipoondoka, iliondoka na nguvu za miguu yake. Ilikuwa polio. Mtoto aliyekuwa akikimbiza kuku uani akarudi kutambaa.

Jonah alimbeba begani kwenda kanisani. Lakini Mbula hakuwa mtoto wa kukaa kimya. Alitambaa kati ya mabenchi, gauni likajaa vumbi, akawashika watu miguu wakati wa maombi. Siku moja mama mmoja wa kanisa alimwambia Muthoki kwa sauti ya chini, "Jumapili za meza ya Bwana, si ungemwacha na nyanya yake? Ili watu watulie." Hakusema kwa ubaya, na Muthoki hakulichukua kwa ubaya. Akaanza kumwacha. Kila Jumapili ya meza ya Bwana, yeye na Jonah walikwenda kanisani, na Mbula akabaki nyumbani akiwasikiliza wanavyoimba ng'ambo ya bonde.

Mwaka wa sabini na moja kanisa lilimtuma Jonah kwenye chuo cha theolojia nje ya Nairobi, awe mchungaji kamili. Wanafunzi wenye familia walipewa vyumba vidogo vya mawe, na wake zao walifundishwa kushona, usafi, na kidogo cha Maandiko. Muthoki alikuwa amesoma hadi darasa la nne tu. Alipenda chuo kile kuliko mahali popote alipowahi kuishi. Maji yalitoka kwenye mfereji hapo nje ya mlango, na alikuwa amekulia mahali ambapo maji ni safari.

Mwalimu aliyewavutia wanafunzi wengi aliitwa Muli, Mkamba kutoka upande wa Machakos. Alikuwa amesoma Yerusalemu na kuiona Bahari ya Chumvi kwa macho yake. Yeye ndiye aliyewafundisha habari za magombo, yale maandishi ya kale ya Wayahudi yaliyopatikana mapangoni kando ya bahari hiyo.

Alasiri moja Muthoki alikuwa ameketi nje akichambua mbaazi, na Mbula yuko kando yake akiyapanga maganda kwa safu. Jonah akarudi kutoka darasani, akakaa kwenye kizingiti, hata viatu hakuvua.

"Mama Mbula," akasema, "ulijua kwamba kulikuwa na watu jangwani, kabla ya Bwana wetu kuanza kuhubiri, ambao walikuwa wakioga kwa ajili ya kutakaswa?"

"Sikujua."

"Walikuwa na meza yao ya pamoja. Kuhani anabariki mkate na divai, ndipo wanakula. Mali wanaweka pamoja, kama mitume. Wanajiita wana wa nuru na wengine wana wa giza. Na wanamngoja Masihi." Alizisema habari hizo kama mtu anayetoa mawe kwenye mfuko, moja moja.

"Ni habari nzuri hizo," Muthoki akasema.

"Nzuri?" Jonah akamwangalia. "Nimezunguka miaka kumi na baiskeli nikiwaambia watu kwamba nimewaletea neno jipya. Sasa nasikia lilikuwa limeshaandikwa na kufichwa kwenye vyungu. Upya wake uko wapi?"

Tangu siku hiyo Jonah akawa mtu wa kimya. Chakula kikiandaliwa alimtazama mkewe, na mkewe akaelewa kwamba yeye ndiye atakayeomba. Darasani aliandika kila alichoambiwa, lakini zamu yake ya kuhubiri ilipofika alisema anaumwa na kichwa.

Basi Muthoki akaamua kumwendea Mwalimu Muli mwenyewe. Alimbeba Mbula mgongoni, akapiga hodi. Mke wa Mwalimu akawakaribisha, akamchukua Mbula kwenda kucheza na watoto wake uani, kisha akaleta chai ya maziwa.

"Mwalimu," Muthoki akasema, "mume wangu amekasirikia watu wa mapangoni. Mimi nataka kuwajua."

Muli akacheka, si kwa dharau. Akaweka kando karatasi alizokuwa akisahihisha, akamsimulia tangu mwanzo: jinsi mchungaji mmoja wa mbuzi alivyomtafuta mbuzi aliyepotea, akatupa jiwe ndani ya pango, akasikia kitu kikivunjika. Muthoki akaegemea mbele. Kwao Nuu kila mtu amewahi kumtafuta mbuzi mawe kwa mawe.

"Vilikuwa vyungu vya namna gani?"

"Virefu, vyembamba, na vifuniko vyake. Ndani kulikuwa na magombo yaliyofungwa kwa kitani."

"Walivifinyanga wanawake?"

"Hilo sijui, Mama Mbula. Hakuna aliyewahi kuniuliza."

Akaendelea kumweleza. Wasomi wengi, alisema, wanaona kwamba wenye magombo walikuwa Wayahudi waliojitenga. Waliona mambo ya hekalu yameharibika, wakaenda jangwani kumngoja Mungu wakiwa safi. Huko walinakili maneno ya manabii, na juu yake wakaandika maelezo yao, wakisema nabii alikuwa anaongea habari za siku zao wenyewe.

"Na wafuasi wa Yesu nao walisoma hivyo hivyo," Muli akasema. "Walimfungua Isaya wakasema, haya yametimia kwetu. Namna ni ileile."

"Kwa hiyo Yesu alichukua kwao?"

"Sijui kama aliwahi kukutana nao. Hakuna mwenye hakika. Ninachokijua ni kwamba walichota kisima kimoja. Manabii walewale, nyimbo zilezile, kungoja kulekule. Mtoto akizaliwa na pua ya babu yake, hatusemi ameiiba. Tunafurahi kwamba amezaliwa nyumbani."

Muthoki akalifikiria neno hilo. Kisha akauliza, "Kama ni nyumba moja, walitofautiana wapi?"

Muli alitazama dirishani, ambako Mbula alikuwa ameketi mchangani katikati ya watoto akiwaamuru kama chifu. Muthoki aliona kwamba Mwalimu ana jibu lakini anaogopa kulitoa.

"Sema tu, Mwalimu."

"Kuna gombo moja la sheria zao," Muli akasema polepole. "Linaeleza nani ataingia kwenye mkutano wao siku za mwisho, na kuketi pamoja nao. Linasema kiwete asiingie. Wala kipofu, wala kiziwi, wala mtu mwenye kasoro mwilini. Sababu yao ni kwamba malaika watakatifu wako katikati yao."

Muthoki alishika kikombe kwa mikono miwili bila kunywa.

"Halafu kuna ile hadithi ya Yesu," Muli akaendelea, "ya mtu aliyeandaa karamu kubwa, walioalikwa wakatoa visingizio. Unakumbuka alimtuma mtumishi wake akamlete nani?"

Alikuwa ameisikia hadithi hiyo tangu utotoni. Alifungua mdomo kujibu, na ndiyo kwanza akalisikia jibu lenyewe: maskini, na walemavu, na vipofu, na viwete.

"Walewale," akasema.

"Karibu walewale. Wasomi wengine wanaona kama Yesu anawajibu watu waliofikiri namna hiyo. Siwezi kukuapia. Lakini ukiyaweka maandishi hayo mawili mezani, moja kando ya jingine, yanaongea."

Muthoki alitoka nje, akamwinua Mbula kutoka mchangani, akamshikilia hata mtoto akalalamika kwamba anabanwa. Jumapili iliyofuata ya meza ya Bwana, katika kanisa dogo la chuo, alimpeleka mbele akiwa amemweka kiunoni, miguu ikining'inia. Hakuna aliyetaharuki. Yeye mwenyewe, aliniambia baadaye, alijaa shukrani. Alikuwa amemwacha mtoto wake nyumbani Jumapili nyingi, na watu waliokufa zamani, katika nchi asiyoijua, ndio waliomwonyesha alichokuwa akifanya.

Alimsimulia Jonah yote. Jonah alisikiliza hadi mwisho, akamshukuru, kisha akasema, "Wewe umepata jibu la swali lako. Langu bado."

Aliondoka chuoni kabla ya kumaliza. Alimrudisha Muthoki na watoto Kathonzweni, akaenda Mtito Andei, akapata kazi kwenye kituo cha petroli, na baadaye akawa dereva wa lori. Mwenye lori alikuwa Shire, Msomali kutoka kaskazini aliyesafirisha ng'ombe na nafaka katika barabara ya Mombasa. Jonah hakuitelekeza familia yake. Kila alipopata nafasi alikuja na sukari na vitambaa, akarekebisha paa, akacheza na watoto. Isipokuwa Jumapili ikifika, alikuwa na kazi shambani.

Kathonzweni akina mama walikuwa na darasa lao baada ya ibada. Siku moja aliyekuwa akifundisha hakufika, wakamwomba Muthoki awasomee. Alisoma, kisha akaanza kueleza, na bila kukusudia akajikuta mapangoni. Alizisimulia habari za vyungu na mbuzi, akaeleza meza iliyokuwa imefungwa na meza iliyofunguliwa. Akina mama hawakutaka kwenda nyumbani. Jumapili iliyofuata walikuja na majirani. Alifundisha hivyo muda mrefu, na Mbula, ambaye sasa alikuwa na vyuma vya miguu na magongo kutoka hospitali ya misheni, aliketi mstari wa mbele.

Habari zikamfikia Mzee Mutiso, mkuu wa wazee wa kanisa. Alikuwa mtu mwaminifu, aliyesaidia kuchoma matofali ya kanisa lile akiwa kijana. Akamwita Muthoki.

"Muthoki, unafundisha kitabu gani?"

"Nafundisha Maandiko, Mzee. Na kidogo habari za watu walioyatunza."

"Hao watu hawakuwa Wakristo."

"Hapana, Mzee. Hata manabii hawakuwa."

Mzee akavua kofia, akaipangusa. "Sikuiti hapa kukutukana. Naogopa tu. Nilimpenda sana mume wako akihubiri. Hayo hayo maneno ndiyo yaliyomtoa mimbarini. Ukiwapa akina mama, kesho nitabaki na nani?"

Muthoki alijua kwamba kuhusu Jonah ilikuwa kweli. Darasa likafungwa. Aliendelea kwenda kanisani, akafagia zamu yake ilipofika, akaimba. Kila mwaka, baada ya ibada ya mavuno, alimwendea Mzee Mutiso akamuuliza kwa upole, "Mzee, naweza kufundisha tena?" Na Mzee akajibu, naye kwa upole, "Bado, mama." Wakasalimiana, kila mtu akaenda zake.

Mwaka wa themanini na nne mvua haikuja. Mahindi yalikauka yakiwa urefu wa goti, na kufikia Agosti hata mbaazi, ambazo huvumilia, zilikuwa zimekufa. Serikali ilileta mahindi ya njano, yakagawanywa sokoni. Foleni zilikuwa ndefu, na Muthoki, aliyesimama humo kama wengine, aliangalia mbele na nyuma akaona kitu. Hakukuwa na kipofu hata mmoja. Hakukuwa na mzee wa kutembea kwa fimbo wala mtu wa magongo. Wenye miguu ndio waliokuwa kwenye foleni, na wengi wao walikuwa na watoto wengi mno hata wasiweze kumkumbuka jirani.

Alirudi nyumbani akamwambia Mbula, ambaye wakati huo alikuwa akisomea ualimu na amerudi likizo.

"Nataka tuwapikie wasioweza kutembea. Hapa kwetu. Tuwalete."

"Na chakula, mwaitu? Hata sisi hatuna," Mbula akasema; mwaitu ndiyo mama kwa Kikamba.

"Tutaanza na chetu."

Walianza na chao. Wanawake watatu wa lile darasa lililofungwa walileta kila mmoja kidogo cha kwake. Waliwaleta watu kwa wilbaro na kwa mkokoteni, wengine mgongoni. Walipika isyo, yale mahindi na maharagwe, ingawa maharagwe ilibidi kuyatafuta kwenye sufuria. Baada ya wiki mbili vyungu vilikuwa karibu vitupu.

Jonah alikuja nyumbani, akayaona hayo. Alikula kidogo, akarudi Mtito Andei. Alipokuwa njiani na Shire, wakipeleka shehena ya mahindi ya msaada, alimweleza anachofanya mke wake. Na kwa kuwa barabara ni ndefu, akamweleza pia kwa nini. Ndiyo mara ya kwanza aliyafungua mambo ya magombo mbele ya mtu asiye mke wake.

Shire alisikiliza akiwa amefumba macho, Jonah akidhani amelala. Kisha akasema, "Mwangangi, miaka yote hii ndiyo kitu kinakusumbua?"

"Ndiyo hicho."

"Sisi tunaamini manabii wengi wametangulia, mmoja baada ya mwingine. Mimi nikisikia neno halina baba wala babu, hapo ndipo naogopa. Mbona wewe unaogopa likiwa na ukoo?"

Jonah alimwambia Mama Mkubwa baadaye kwamba Mwalimu Muli alikuwa amewaeleza karibu vilevile darasani, lakini wakati ule alikuwa mhubiri, na mhubiri alikuwa na heshima ya kulinda. Sasa alikuwa dereva tu, na lile neno likaingia.

Wiki hiyohiyo Shire alitoa magunia yake mwenyewe ya maharagwe na mahindi, si ya msaada, pamoja na mapipa ya maji, akamwambia Jonah aelekeze lori Kathonzweni. Walifika mchana. Jonah akashuka, akasimama kwenye mlango wa ua wake.

Watu walikuwa wameketi kwenye mikeka na mifuko ya gunia, uani kote. Alimwona fundi baiskeli wa zamani ambaye macho yake yalikuwa yamezibwa na ukungu. Aliwaona ndugu wawili viziwi wakiongea kwa mikono na kucheka. Mbula alikuwa kando ya moto, gongo moja kwapani, akipakua kwa mkono mwingine.

"Mama Mbula," Jonah akasema, "hii ndiyo ile karamu."

"Ni isyo tu," Muthoki akajibu. "Nawa mikono usaidie."

Alinawa. Alipogawa bakuli la kwanza, fundi baiskeli akasema, "Mwinjilisti, tuombee kwanza." Alimtambua kwa sauti ya salamu. Jonah alishika bakuli, na kwa mara ya kwanza tangu siku zile za chuo akaomba mbele ya watu. Yalikuwa maombi mafupi. Shire alisimama kando ya lori akiwa ameinamisha kichwa, akangoja hadi wamalize.

Siku chache baadaye Mzee Mutiso alifika. Mama yake mzazi, kipofu na mzee sana, alikuwa akiletwa pale na jirani tangu mwanzo, kwa sababu Mzee mwenyewe alishinda sokoni akisimamia ugawaji wa mahindi kwa haki, na kwa kweli aliusimamia kwa haki. Alimkuta mama yake ameketi kati ya watu akisimulia mambo ya ujana wake. Alimtazama, kisha akamwendea Muthoki.

"Mwaka huu hukuja kuniuliza."

"Nilikuwa na kazi, Mzee. Hata mavuno hatukuwa nayo."

"Basi nimekuja kukujibu. Fundisha."

Akageuka kwa Jonah, wakashikana mikono, na hakuna aliyetaja ya zamani.

Mvua ilikuja mwisho wa mwaka huo. Darasa lilifunguliwa tena, na safari hii wanaume wachache walisimama nje ya dirisha kusikiliza, wakijifanya wanangoja wake zao. Jonah hakuwa mchungaji kamwe. Kanisa lilimwomba, akasema amezoea lori. Lakini alipokuwa nyumbani aliwafundisha waliojiandaa kubatizwa, na alianza kila mara kwa kuwaambia kwamba maji wanayoingia yameingiwa na watu wengi kabla yao.

Mwaka wa tisini na tatu kulikuwa na harusi huko Kathonzweni, na mmoja wa wageni alikuwa Mwalimu Muli. Alikuwa amestaafu, nywele nyeupe, na anasikia kwa sikio moja tu. Mimi nilikuwa nyumbani kwa Mama Mkubwa wakati huo, nimemaliza sekondari, kwa hiyo haya niliyaona mwenyewe. Muthoki alimketisha kwenye kiti kizuri, akamchinjia kuku, akamletea chai. Mbula alikuja kutoka Kitui, ambako alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na Mwalimu Muli akamshika mikono muda mrefu.

Baada ya kula, Muli akasema, "Mama Mbula, nina habari ya watu wako."

"Watu wangu gani?"

"Wa mapangoni." Akaeleza kwamba kwa miaka mingi vipande vingi vya magombo vilikuwa mikononi mwa wasomi wachache, na wengine hawakuruhusiwa kuviona. Sasa vilikuwa vimefunguliwa kwa wote. "Kuna kipande kidogo, kimechakaa. Kinasema kwamba mbingu na nchi zitamsikiliza Masihi wa Mungu. Kisha kinasema atakachofanya Bwana siku hizo. Atawafungua waliofungwa. Atawafumbua vipofu macho. Atawainua walioinama. Atawaponya waliojeruhiwa, atawapa wafu uhai, na maskini atawapelekea habari njema."

Kisha Jonah akakohoa.

"Hayo ni majibu ya Yesu," akasema. "Yohana alipotuma watu kutoka gerezani kumuuliza kama ndiye Masihi. Vipofu wanaona, wafu wanafufuliwa, maskini wanahubiriwa."

"Karibu neno kwa neno," Muli akasema. "Mengi yako kwa Isaya, tunajua. Lakini kule Isaya anakoongea habari njema kwa maskini, hasemi habari za wafu kufufuliwa. Kipande hiki kinaziunganisha, na Injili inaziunganisha. Hatujui kama mmoja alimsoma mwingine. Huenda ni tumaini lililokuwa midomoni mwa watu wengi."

Muthoki alikuwa amesimama na birika mkononi. "Ni mapango yaleyale?"

"Yaleyale."

"Waliosema kiwete asiingie?"

"Waliyatunza yote mawili, Mama Mbula. Sheria inayomfungia mlango, na maneno yanayongoja ainuliwe. Labda waliandika watu tofauti, hatujui. Lakini yalilala mahali pamoja."

Mama Mkubwa akaketi. Nilidhani amehuzunika, kwa sababu miaka mingi alikuwa amewafundisha akina mama kuhusu ule mlango uliofungwa tu. Lakini alipoinua uso alikuwa anacheka na machozi yakimtoka.

"Kumbe walikuwa kama sisi," akasema. "Kumbe hata wao walikuwa na mtu aliyewakumbuka vipofu na viwete."

Mbula akamwekea mkono begani. "Mwaitu, Jumapili utawaambia?"

"Nitawaambia kabla hata ya wimbo."

Jumapili hiyo nilikwenda naye. Darasa lilijaa. Aliwaambia akina mama kwamba amepata habari mpya kuhusu marafiki zake wa zamani, akawaeleza kile kipande kama alivyoelezwa, bila kuongeza. Alisema hakuna anayejua kwa hakika nani alimsikia nani, nao wakatikisa vichwa, wakaridhika. Msichana mmoja aliyekuwa ameolewa karibuni akauliza aliyeandika kipande hicho aliitwa nani.

"Hajulikani."

"Hata jina?"

"Hata jina."

Akina mama wakasikitika, wengine wakatoa sauti ya huruma. Mama Mkubwa akawaambia wasimame. Akafumba macho, akaomba kwa Kikamba, na nitajaribu kuyaweka hapa kama nilivyoyasikia. Alimshukuru Mungu kwa ajili ya Mwalimu Muli aliyemkaribisha ndani akampa chai. Alimshukuru kwa ajili ya Shire na watoto wake. Alimshukuru kwa ajili ya Mzee Mutiso, aliyekuwa amezikwa mwaka uliopita. Kisha akasema asante kwa ajili ya yule mtu wa jangwani aliyekaa chini siku moja, kalamu mkononi, akawafikiria vipofu na walioinama, akaandika, na asijue kwamba watu wa Makueni watamsikia.

Tukaitikia amina. Kisha mtu akakumbusha kwamba kuna mgonjwa wa kutembelewa upande wa mto, na tukatoka pamoja, akina mama wakigawana mizigo ya kubeba.